Mashine ya Kukereza Fito za Pool, na Usahihi Unaoweza Kujengwa Nyumbani

(Mhadhara kwa walimu, mafundi na wanafunzi wa kazi za mbao, Morogoro)

 

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie ubunifu katika karakana ndogo. Mada hiyo ni pana, na mara nyingi hutuacha na maneno mazuri yasiyofungika kwa nati wala bolti. Kwa idhini ya mwenyekiti nimeibana hadi ikabaki mashine moja tu, ile inayokereza sehemu ya mbele ya fimbo ya pool na kuipa mchongoko wake. Nina makusudi mawili. Kwanza, kueleza jinsi mashine hiyo inavyojengwa kwa vyuma vinavyopatikana katika miji yetu, na kwa nini kila kiungo chake kimekaa kilivyokaa. Pili, kuwashawishi kwamba usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita uko ndani ya uwezo wa fundi wa mtaani, mradi ajue makosa ya mashine yake yanatoka wapi.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Fimbo ya Kimarekani ina urefu wa karibu sentimita 147, nayo hufunguka katikati ikawa vipande viwili. Kile cha nyuma, kilicho kinene, nitakiita kishikio. Cha mbele nitakiita ufito. Ufito una urefu wa karibu milimita 737, yaani inchi 29. Upande unaoungana na kishikio una kipenyo cha karibu milimita 21.5, upande wa pili una milimita 13 hivi, umevikwa feruli, yaani pete ngumu ya kuukinga, na juu ya feruli kuna ncha ya ngozi inayogonga mpira. Kazi yote ya leo iko kati ya hiyo 21.5 na hiyo 13.

Hoja ya kwanza: mchongoko una kazi yake mezani

Tangu Mfaransa François Mingaud alipoieneza ncha ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 19, mchezaji ameweza kuugonga mpira pembeni mwa kitovu chake na kuuzungusha apendavyo. Uwezo huo ulikuja na masharti. Ukiugonga mpira milimita moja mbali na ulipokusudia, hauendi ulikotaka. Kwa hiyo ufito unatakiwa uteleze mkononi bila kuinuka, bila kushuka, bila kuyumba.

Tazameni mkono wa mbele wa mchezaji. Vidole vinatengeneza daraja, na ufito unapita juu yake ukienda na kurudi, mwendo wa sentimita 25 au zaidi. Tuseme ufito umechongwa kama pia, mstari mmoja ulionyooka kutoka 13 hadi 21.5. Tofauti ni milimita 8.5 katika urefu wa 737. Katika sentimita 25 za mwendo, unene unaopita darajani unabadilika kwa karibu milimita 2.9. Vidole vilivyobana vinasukumwa vifunguke, ufito unanyanyuka, na ncha inabadili mahali pake wakati uleule mchezaji anapotaka itulie.

Ndiyo maana watengenezaji wengi wa Marekani huchonga mchongoko wa sehemu mbili. Sentimita 25 hadi 35 za kwanza kutoka kwenye ncha huachwa karibu sawasawa, tuseme 13 hadi 13.3, kisha unene unapanda kwa haraka kuelekea kwenye kiungo. Pale penye mkono pametulia, na kule nyuma pana nguvu. Wachezaji wa snuka wa Uingereza, na wale wa pool ya mipira midogo, hupenda ncha nyembamba zaidi, ya milimita 9 au 10, yenye mchongoko unaoendelea polepole. Kila mchezo una umbo lake, na mashine nzuri inapaswa kuyakubali yote.

Ugumu wa kupinda nao una hesabu yake, na naomba wanafunzi waiandike. Ukakamavu wa kijiti cha duara hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukipunguza kipenyo kutoka milimita 13 hadi 12, macho hayaoni tofauti kubwa, lakini umepoteza karibu asilimia 27 ya ukakamavu wa mahali hapo. Mchezaji atausikia upungufu huo katika pigo la kwanza. Ndiyo maana msasa wa mkono hautoshi kazi hii. Mkono wa fundi hodari hulainisha vizuri sana, lakini hauwezi kurudia umbo lilelile katika fito ishirini.

Hoja ya pili: kiolezo ni wazo la zamani

Mwaka 1819, huko Massachusetts, Thomas Blanchard alipata hataza ya mashine ya kukereza vitako vya bunduki, na mashine hizo zikaingia katika kiwanda cha silaha cha Springfield. Kitako hakina duara, kila sehemu yake imepinda kivyake, na kabla ya hapo kilichongwa kwa mkono. Blanchard aliweka kitako kamili upande mmoja na gogo upande wa pili. Gurudumu lilipapasa kile kilichokamilika, na kisu kilichofungwa pamoja na gurudumu hilo kikakata gogo kwa kufuata.

Mashine yetu ni mjukuu wa ile. Ina kiolezo, ina kifuatio kinachopapasa kiolezo, na ina kisu kinachotii kifuatio. Nalitaja hili ili kijana asidhani kwamba anahitaji teknolojia iliyovumbuliwa jana. Na watengenezaji waliosifika walianza padogo. George Balabushka, mzaliwa wa Urusi aliyehamia New York, alikuwa mtu wa useremala. Alianza kutengeneza fimbo mwaka 1959, akafanya kazi katika karakana ndogo, na hadi alipofariki mwaka 1975 jina lake lilikuwa kipimo cha ubora kwa wachezaji wa Marekani.

Hoja ya tatu: viungo vya mashine na sababu zake

Hapa naomba mnivumilie, maana nitakaa kwa muda.

Msingi ni bomba la mraba la chuma, upana wa sentimita 8 kwa 8, ukuta wa milimita 4 ukipatikana, urefu wa mita 1.5. Uzito wake ni faida, kwa kuwa unameza mtetemo. Chomelea miguu na mabano yote kwanza, acha chuma kipoe kabisa, ndipo ufunge reli. Kuchomelea hupinda chuma. Anayefunga reli kabla ya kuchomelea ameipinda reli yake kwa mkono wake. Na reli zenyewe zisichomelewe hata kidogo. Zikae juu ya bolti za kurekebishia, zinazopanda na kushuka, kila baada ya sentimita 20 hivi.

Juu ya reli mbili kunatembea kigari, na kinatembea kwa beringi. Nyuma ya kigari kuna bawaba, na kwenye bawaba hiyo kumefungwa bamba pana linaloweza kuinuka na kushuka. Rauta, ile mashine ya mkono ya kukatia mbao, imesimama katikati ya bamba, kisu kikitazama chini. Ufito uko chini ya kisu, umeshikwa kati ya senta mbili, yaani ncha za chuma zinazoingia katika matundu madogo kwenye miisho yake. Mbele kabisa, upande wa fundi, kuna kiolezo. Na ukingo wa mbele wa bamba una beringi moja inayokanyaga juu ya kiolezo hicho. Kigari kinapotembea, beringi inapanda na kushuka, bamba linafuata, kisu kinafuata. Uzito wa rauta ndio unaobana kila kitu chini, kwa hiyo springi haihitajiki.

Sasa sikilizeni vipimo, kwa sababu ndipo uzuri wa mpango huu ulipo. Kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kisu iwe milimita 200. Kutoka kwenye bawaba hadi kwenye beringi ya kiolezo iwe milimita 400, yaani mara mbili kamili. Beringi ikipanda milimita 1, kisu kinapanda nusu milimita. Kisu kikipanda nusu milimita, kipenyo cha ufito kinaongezeka milimita 1, kwa kuwa ufito unazunguka na kisu kinakata pande zote. Kwa hiyo kimo cha kiolezo kinasomeka moja kwa moja kama kipenyo. Ukitaka ufito unenepe milimita 8.5 kutoka ncha hadi kiungo, kiolezo kipande milimita 8.5. Fundi hana haja ya kugawa wala kuzidisha kichwani.

Kiolezo chenyewe kiwe pau ndefu ya alumini au ya chuma laini, nyembamba kiasi cha kukubali kupinda kidogo, iliyokalia safu ya skrubu za milimita 6 kila baada ya sentimita 5. Skrubu ya kawaida ya kipimo hicho hupanda milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Ukiizungusha moja ya nane ya mzunguko, umebadili kipenyo cha ufito mahali pale kwa sehemu ya nane ya milimita. Kila skrubu iwe na nati yake ya kufungia. Kwa safu hiyo ya skrubu, kiolezo kimoja kinatoa umbo la pool ya Kimarekani leo, na umbo la snuka wiki ijayo.

Kuhusu bawaba: ya mlango haifai. Ina uchezaji, na uchezaji wowote pale utaonekana kwenye mbao. Tumia mhimili mmoja wa chuma uliopita katika beringi mbili, moja kila upande wa bamba, zikabanwa kwa nati hadi mhimili usicheze lakini uzunguke kwa wepesi.

Kisu kiwe kile cha rauta chenye uso bapa chini, na mhimili wake usogezwe kidogo kando ya mstari wa ufito. Sababu ni kwamba kitovu cha kisu hakina mwendo. Kikikaa juu kabisa ya mbao kinasugua badala ya kukata.

Mzee wangu pale mbele ametikisa kichwa, na nadhani najua swali lake: kwa nini rauta, wakati kerezo la kawaida lina kisu chake? Jibu liko katika nguvu ya kusukuma. Kisu cha kerezo kinasimama, na mbao ndiyo inayokimbia. Kinapoingia kinausukuma ufito pembeni, na kitu chembamba cha zaidi ya sentimita 70 kinapinda. Rauta inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika na inang'oa vipande vidogo sana, kila kimoja kwa nguvu ndogo. Hivyo ufito unaweza kuzunguka taratibu na bado ukakatwa safi.

Kwa kuuzungusha, mota ya waipa ya gari inatosha. Ina gia ndani, inatumia volti 12, na mwendo wake ni kama mizunguko 40 hadi 60 kwa dakika. Mota ya pili kama hiyo isukume kigari kwa fimbo ya nyuzi ya milimita 16, ambayo husogeza nati yake milimita 2 kwa kila mzunguko. Ufito ukizunguka mara 60 kwa dakika na fimbo ya nyuzi mara 30, kigari kinakwenda milimita 1 kwa kila mzunguko wa ufito, na safari nzima inachukua zaidi kidogo ya dakika 12. Kupunguza mwendo kutoka 60 hadi 30 ni kazi ya mnyororo wa baiskeli na magurudumu mawili ya meno, moja likiwa na meno mara mbili ya lingine.

Senta nazo zina siri. Ile ya upande wa kiungo inazungusha; ile ya upande wa ncha inapokea tu, nayo iwe juu ya beringi. Usiibane sana. Ukikaza kwa nguvu unausukuma ufito kwa urefu wake, na kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyopinda katikati hata kabla kisu hakijaugusa. Springi laini nyuma ya senta hiyo inatosha. Na yale matundu mawili ya senta yaliyotobolewa siku ya kwanza yabaki hadi siku ya mwisho, kwa sababu ufito utarudi kwenye mashine hii mara nyingi, na kila mara unapaswa kuzunguka juu ya mhimili uleule.

Usalama niuseme kwa ufupi lakini kwa msisitizo. Rauta ina umeme wa nyumbani, si wa betri. Swichi ya kuizima iwe mahali mkono unapofika bila kuvuka ufito. Kisu kiwekewe kinga, macho yavikwe miwani, pua ifunikwe barakoa. Vumbi la miti ya jamii ya mpingo huwawasha watu wengi ngozi na kifua. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na shanga na lanyadi zivuliwe.

Hoja ya nne: kosa linalojirudia linarekebishika

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla hatujaingia ukumbini: bomba la kuchomelea na mota ya waipa vitawezaje kutoa usahihi ambao viwanda hutoa kwa mashine za mamilioni? Hili ndilo swali la siku, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha fundi na mtumiaji wa mashine.

Makosa ya mashine yako ya aina mbili. Kuna yale yanayojirudia, na kuna yale yanayoyumba. Reli iliyopinda kwa sehemu mbili za kumi za milimita katikati ni kosa linalojirudia: leo imepinda pale, kesho imepinda palepale. Bawaba inayocheza ni kosa linaloyumba: safari hii imelalia kushoto, safari ijayo kulia. Makosa ya aina ya pili lazima yaondolewe kwenye mashine, kwa kubana, kwa kubadilisha beringi, kwa kuongeza uzito. Yale ya aina ya kwanza unaweza kuyaacha yalipo na kuyafuta kwa kiolezo.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Chukua mche wa mbao kavu, ulionyooka, wa aina yoyote isiyo na mafundo. Panga skrubu zote za kiolezo kwa kimo kimoja, kisha kereza mche huo uwe duara la milimita 20 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine ingekuwa kamili, ungepata 20 kila mahali. Hutapata. Sasa pima kipenyo kwa venia, kile kipimio cha taya mbili, mkabala na kila skrubu, kila sentimita 5, na uandike. Pale penye 20.3 shusha skrubu ya mahali pale kwa sehemu tatu za kumi; pale penye 19.9 ipandishe kwa sehemu moja ya kumi. Mnaona sasa faida ya ule uwiano wa mara mbili: namba unayoisoma kwenye venia ndiyo namba unayoirekebisha kwenye skrubu. Kata tena, pima tena. Upindaji wa reli, tofauti ya kimo cha senta, ukorofi wa pau, vyote vinaingia katika hesabu moja na vinafutwa pamoja. Baada ya hapo weka alama kwenye skrubu. Huo ndio mstari wako wa sifuri, na mchongoko wowote utapandishwa kutoka hapo.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji chombo chochote, nacho nakipenda kuliko vyote. Katikati ya mche ikibaki nene, usikimbilie skrubu. Rudisha kigari mwanzo, usiguse chochote, endesha safari ya pili kwa kimo kilekile. Kisu kikitoa unga tena pale katikati, basi reli haina kosa; mbao ndiyo iliyokuwa inapinda kukimbia kisu, na dawa yake ni kukata kidogo kidogo zaidi au kunoa kisu. Kisipotoa unga na unene ukabaki, basi kosa ni la reli au la kiolezo, na hapo skrubu zina kazi. Ukirekebisha kiolezo kwa kosa lililokuwa la mbao, utakuwa umeharibu mashine iliyo sawa.

Wapo watakaosema siku hizi kompyuta hufanya yote haya. Ni kweli, mashine inayoongozwa kwa programu huweka mota mahali pa kifuatio na namba mahali pa kiolezo. Lakini senta inayobana sana itapinda ufito katika mashine ya kompyuta vilevile, na beringi iliyolegea italegea vilevile. Kijana aliyejifunza kwa skrubu ataielewa kompyuta haraka. Kinyume chake sijakiona.

Hoja ya tano: mbao ina muda wake

Fito nyingi za Marekani hutengenezwa kwa mepo mgumu, mti wa misitu ya kaskazini mwa Marekani na Kanada, ambao utomvu wake hupikwa kuwa sharubati. Waingereza wamezoea mti wa eshi kwa snuka. Sifa inayotafutwa ni moja: nyuzi zinazokwenda sambamba na urefu wa kijiti tangu ncha hadi kiungo. Nyuzi zikikata upande, ufito utapinda au utavunjika hata ukikerezwa kwa mashine ya dhahabu.

Mbao huingia karakanani ikiwa imekaushwa hadi unyevu wa asilimia 6 hadi 8 hivi, na ndani yake kuna mivutano iliyofungwa. Ukiondoa tabaka la nje, mivutano inapoteza mizani na kijiti kinajikunja. Ndiyo maana hakuna mtengenezaji makini anayefikisha mraba wa milimita 25 hadi ncha ya 13 kwa siku moja. Anatoa kiasi, anautundika ufito wima, anasubiri wiki kadhaa au miezi, kisha anaukereza tena. Ukiwa umepinda kidogo, mkato unaofuata unaunyoosha, kwa kuwa bado una unene wa ziada. Ukipinda sana, unatolewa kwenye kundi. Safari za mwisho hazitoi zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, na kiasi kidogo huachiwa msasa.

Mashine yetu imepangwa kwa subira hiyo. Kiolezo hakiguswi kati ya hatua na hatua. Rauta ndiyo inayoteremshwa kwenye bamba lake. Ukiishusha milimita 1, fito zote za kundi hilo zinapungua milimita 2 kwa umbo lilelile. Kwa mafundi wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja nasema hivi: hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na mbao iliyokauka sana huunywa. Acheni fito zizoee hewa ya mahali zitakapochezewa kabla ya mkato wa mwisho, na muzibe ncha zake kwa nta, kwa kuwa unyevu huingia kwa kasi zaidi kupitia ncha kuliko kupitia ubavu.

Hoja ya sita: malighafi ilikwenda, ufundi haukurudi

Nitalisema hili kwa maneno machache kwa sababu mnalijua. Katika karne ya 19 pembe za ndovu za bara letu zilipita Bagamoyo na Unguja hadi Connecticut, Marekani, zikawa vibao vya piano na vichana, na nyingine zikawa mipira ya biliadi. Pembe zilipoanza kuwa haba, Wamarekani walitafuta kitu mbadala, na John Wesley Hyatt akaleta seluloidi. Leo mpingo wa Kilwa, Lindi na Mtwara unageuka kuwa klarineti na zumari za ng'ambo, na watengenezaji wa fimbo za kifahari huutumia kwenye vishikio, kwa uzito wake na weusi wake. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama, kwa hiyo magogo na mbao zake zinazovuka mpaka zina masharti ya vibali. Mti unaolindwa hivyo haupaswi kuuzwa kama gogo wakati ungeweza kuuzwa kama kishikio kilichokamilika. Na vijana wetu wanacheza pool kila jioni, kutoka Mbeya hadi Mwanza, kwa fimbo zilizokerezwa mbali.

Mashine niliyoieleza inafanya kishikio pia. Pandisha rauta kwenye bamba lake, panga skrubu upya, na ukate polepole zaidi kwa sababu mpingo ni mgumu sana.

Ndugu zangu, ninayoyaomba kwa mwaka ujao ni haya. Walimu wa vyuo vya ufundi, ipeni mashine hii nafasi kama zoezi la mwisho la wanafunzi. Ina uchomeleaji, umeme, upimaji na useremala ndani yake, na inabaki chuoni ikifanya kazi. Walimu wa misitu, tupeni majaribio ya kweli juu ya miti yetu. Loliondo, mti mgumu wa jamii ya mizeituni, unastahili kupimwa kama mbao ya ufito: ukakamavu wake, unyoofu wa nyuzi zake, na tabia yake baada ya kutundikwa miezi sita. Mtiki wa mashamba ya Mtibwa na Longuza nao upimwe kando yake, ili tujue kwa namba ni upi unaofaa na ni upi usiofaa. Wachezaji, kubalini kuzijaribu fito za kwanza mezani na kutuambia ukweli.

Na fundi atakayekereza mche wake wa majaribio hadi tofauti kati ya mwanzo na mwisho isizidi sehemu ya kumi ya milimita, alete vipimo vyake kwenye kikao cha mwakani, pamoja na mche wenyewe, tuupime mbele ya watu wote.